Mshindi wa Mbina Huamuliwa na Miguu ya Watazamaji

Msimu wa palizi, ngoma hutulia Bariadi, mkoani Simiyu. Watu wako mashambani kwenye pamba, na mbina, mashindano ya ngoma ya Wasukuma, husubiri mavuno. Hurejea mwezi Juni na kuendelea hadi Agosti. Wakati huu wa kusubiri watu husimuliana ya mwaka uliopita: kundi gani lilibaki na umati, lipi liliachwa likicheza peke yake. Masimulizi haya yamebeba ufundi mkubwa, na naona tunaupuuza.

Utaratibu wa asili uko hivi. Makundi mawili, moja la chama cha Wagika na jingine la chama cha Wagalu, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja upande wake. Hakuna meza ya majaji. Mtazamaji huenda anakovutiwa, akichoka anahama, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Asili ya vyama hivi ni ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha: ilitakiwa ijulikane dawa ya nani ina nguvu, na umati ukawa ndio mizani. Ndiyo maana samba, dawa ya mvuto, haikutengana na ngoma hizi.

Mizani ikiwa hiyo, kila kinachofanyika uwanjani kinalenga kumhamisha mtu kutoka upande wa pili. Chukua bugobogobo, ngoma ya wakulima iliyozaliwa katika kulima kwa pamoja. Mchezaji huzungusha jembe, hulirusha juu na kulidaka. Aliyesimama nyuma kabisa haoni miguu ya mchezaji, lakini jembe hewani analiona, na aliye upande wa wapinzani analiona pia. Chatu wa wacheza nyoka na vinyago vya mbao vyenye viungo vinavyochezeshwa hufanya kazi hiyohiyo. Tatizo la kitu kipya ni kwamba huchuja upesi. Watu wakishakiona, wanageuka. Kwa hiyo manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, lazima ajue la kutoa mapema na la kuficha mpaka umati uanze kuyumba. Kwangu mimi huo ndio ufundi mgumu kuliko wote, kwa sababu anauongoza umati huku akiimba na huku masikio yake yako kwa mpinzani.

Nyimbo nazo ni silaha, nyingi zikimchokoza mpinzani waziwazi. Za jembe na za mbina huazimana tangu zamani, hivyo miezi ya shamba si miezi mitupu: wimbo hupimwa kwa watu wanaolima kabla haujapimwa kwa watu wanaotazama.

Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, ushindani huu ulipewa makao katika sikukuu ya Bulabo ya mwezi Juni, iliyoasisiwa na Padri David Clement, Mkanada aliyeanzisha pia Makumbusho ya Wasukuma. Simiyu, mkoa tangu 2012, imepata viwanja vyake: Nyakabindi, palipofanyika Nane Nane ya kitaifa 2018, na Bariadi mjini, ambako Simiyu Jambo Festival imeunganisha mbio za baiskeli na ngoma za Wagika na Wagalu.

Hofu yangu ni jukwaa. Makundi yakipishana kwa dakika chache mbele ya mgeni rasmi, kuhama kunakufa. Manju hana wa kumnyang'anya watu, na hana sababu ya kuficha chochote. Kinachobaki ni maonyesho mazuri ambayo hakuna atakayeyabishania wakati wa palizi.

Waandaaji wa msimu ujao watenge viwanja viwili badala ya jukwaa moja, viwe mbali kiasi cha ngoma kutomezana, karibu kiasi cha jembe kuonekana. Katikati pabaki wazi, bila kamba wala viti, na vipaza sauti vizimwe. Mahema ya wageni yawekwe pembeni, nao waachiwe nafasi ya kutoka na kuhama kama watu wengine.