Nyumba za Mfano wa Kirkbride: Namna ya Kutambua Kazi Nzuri

Hospitali kubwa za wagonjwa wa akili zilizojengwa Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19 zimekuwa ndoto ya watu wengi wanaotamani nyumba yenye minara, madirisha marefu na kuta nene. Wengine hununua makazi ndani ya majengo yenyewe yaliyokarabatiwa. Wengine humpelekea msanifu picha na kumwagiza nyumba mpya ya sura hiyo. Kwa kawaida macho hukimbilia mnara, na hapo ndipo hukumu hupotoka. Mnara ni pambo tu. Thamani ya majengo haya imo katika mwanga na hewa, na nyumba iliyoiga mfano huo hupimwa kwa mambo hayo mawili kwanza.

Ramani ya hospitali hizo ni ya Thomas Story Kirkbride, daktari wa Philadelphia wa madhehebu ya Quaker, aliyechapisha mwaka 1854 kitabu kuhusu ujenzi na uendeshaji wa hospitali za akili. Aliamini kwamba jengo lenyewe ni sehemu ya tiba. Jengo la utawala lilikaa katikati, mabawa ya wanaume upande mmoja na ya wanawake upande wa pili. Wagonjwa hawakutakiwa kuzidi 250, ardhi isipungue ekari 100, na dari ziwe na kimo cha futi 12, yaani takriban mita 3.7. Hospitali ya kwanza ya mpango huo ilifunguliwa Trenton, New Jersey, mwaka 1848, kabla kitabu hicho hakijachapishwa.

Kipimo cha kwanza ni jinsi mabawa yanavyorudi nyuma. Kila bawa halikuunganishwa moja kwa moja na lenzake. Lilisogezwa nyuma kiasi cha kuacha ncha yake wazi, ili dirisha la mwisho wa korido lipate jua na upepo upite kutoka ncha hadi ncha. Waigaji wengi huchukua umbo hilo na kuacha kazi yake: ukuta wa mbele huvunjwavunjwa kwa hatua ndogo za kupendeza, huku ndani vyumba vikibaki vimeshikana na korido ikiishia kwenye ukuta. Njia ya kulibaini hilo ni nyepesi. Saa sita mchana taa zizimwe, kisha mtu asimame katikati ya korido. Akiweza kusoma gazeti, msanifu alielewa alichokuwa akiiga.

Korido yenyewe nayo ichunguzwe. Katika hospitali hizo haikuwa njia ya kupita tu. Wagonjwa walikaa humo mchana na kutembea humo wakati wa baridi, na ndiyo maana ilijengwa pana. Nyumba nzuri ya mfano huu huifanya korido kuwa sebule ndefu, yenye viti, kabati za vitabu na nafasi ya watu wawili kupishana bila kugusana. Korido nyembamba chini ya dari ya juu ni kosa kubwa, kwani humfanya mtu ajione yuko shimoni.

Madirisha yanahitaji jicho la karibu. Kirkbride alipendekeza fremu za chuma zilizogawa kioo katika vipande vyembamba, mtu asiweze kupenya na nondo zisihitajike. Kwa hiyo dirisha lilimlinda mgonjwa bila kumwonyesha jela. Katika nakala za bei rahisi, vipande hivyo ni vijiti vya plastiki vilivyobandikwa juu ya kioo kimoja. Ukilitazama dirisha kwa upande jua linapoteremka, kioo kimoja huakisi anga kama bamba moja, ilhali vioo vilivyotiwa kimoja kimoja huakisi kila kimoja kwa namna yake, na fremu hutupa kivuli cha kweli.

Kuhusu kuta, mifano miwili inatosha. Hospitali ya Weston, West Virginia, iliyoanza kujengwa mwaka 1858, ni ya mawe ya mchanga yaliyochongwa kwa mkono. Ile ya Buffalo, New York, iliyosanifiwa na H. H. Richardson na kufunguliwa mwaka 1880, ina minara miwili ya jiwe jekundu, na mabawa yake yameungwa kwa korido zilizopinda. Jiwe la kweli hujulikana pembeni mwa ukuta, pale linapokata kona likiwa zima. Jiwe la kubandika huonyesha unene wa vidole viwili tu, na sura yake hujirudia kila baada ya hatua chache. Katika kuta za zamani za matofali, maungo yaliyozibwa kwa saruji ngumu badala ya chokaa ni dalili mbaya: unyevu hukosa pa kutokea, na matofali humeguka uso.

Anayenunua makazi ndani ya jengo la asili aulize kwanza nini kimebaki. Danvers, Massachusetts, sehemu kubwa ya hospitali ilibomolewa kuanzia mwaka 2006, likabaki ganda la nje la sehemu ya katikati, na ndani yake yakajengwa makazi mapya. Traverse City, Michigan, jengo kuu la mwaka 1885 lilihifadhiwa na kugeuzwa makazi, maduka na migahawa. La pili ndilo linalostahili jina la Kirkbride. Msongamano nao uliacha alama: Weston, iliyokusudiwa watu 250, ilifikia wagonjwa wapatao 2,400 katika miaka ya 1950, na msongamano wa aina hiyo uliharibu karibu kila kitu ambacho Kirkbride alikipigania. Mkarabati mzuri huondoa viraka vya miaka hiyo: dari zilizoshushwa zikakata vichwa vya madirisha, na kuta za mbao zilizogawa dirisha moja kwa vyumba viwili. Vikibaki hivyo, mnunuzi anauziwa bweni lililojaa kupita kiasi kwa bei ya kasri.