Safari Hupimwa Mlangoni

Kila ufikapo mwisho wa mwaka huzuka mjadala uleule: ipi njia bora ya kutoka Nairobi kwenda kupumzika Diani? Ninaowauliza hunihesabia saa. Ndege kutoka Wilson hadi Ukunda, kama saa moja. Garimoshi, tano au sita. Basi, usiku mzima. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ni nusu ya hesabu. Huanzia stesheni na kuishia stesheni, ilhali hakuna mtu aishiye stesheni.

Wazee wenzangu hulisifu garimoshi la zamani kupita kiasi. Reli ile ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899. Nililipanda mara nyingi na wanachuo wangu, wengine wakiwa hawajapata kuona bahari. Lakini tuseme kweli: miaka yake ya mwisho lilichelewa mno, na abiria wa daraja la tatu alikesha ameketi. Sifa yake haikuwa mwendo. Ilikuwa kwamba ulipanda katikati ya Nairobi ukashuka kisiwani Mombasa, mjini kabisa.

Garimoshi jipya, lililoanza mwaka 2017, ni kinyume chake. Njiani halina mpinzani: limetulia, na mbuga ya Tsavo hupita dirishani. Kasoro yake iko mwanzo na mwisho. Syokimau iko nje ya jiji, na Miritini iko bara, nje ya kisiwa. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700 lilipoanza. Januari 2024 ikawa 1,500. Juu ya hizo, ongeza gari la kukupeleka na la kukupokea.

Hayo nilikuwa nikiyajua kichwani tu, mpaka niliposafiri na mke wangu, ambaye magoti hayamsaidii tena. Ndani ya behewa alicheka kama msichana, akinionyesha tembo. Tuliposhuka, gari tuliloagiza halikutokea. Alikaa juu ya sanduku letu hadi giza likaingia, bila kunilaumu. Nikaona haya, maana mimi ndiye niliyemshawishi kwa hesabu za saa.

Barabara ya Dongo Kundu imepunguza adha hiyo: kutoka Miritini mtu huvuka kwa madaraja hadi pwani ya kusini bila kungoja feri ya Likoni. Basi humshusha mtu mjini, lakini barabara ile ya malori, usiku, siwezi kumsifia mzazi wa mtu. Ndege niliyokuwa nikiikejeli kuwa anasa, leo naiona ni stahili ya mgonjwa mwenye uwezo.

Ukitaka hukumu yangu, nachagua garimoshi la mchana. Lakini usiniambie tena litachukua saa ngapi. Niambie kati yetu nani hutembea polepole kuliko wote, na nani atakuwa amesimama pale nje kumpokea.