Ree Haiozi Mkononi

Baada ya isha, kwenye baraza moja ya Kibokoni, Mombasa, karata hugawiwa huku kahawa tungu ikipoa vikombeni. Mchezo ni wahedi wa sitini: watu wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja ameketi mkabala na mwenzake. Ree (karata ya moja) ina pointi 11, seti (ya saba) 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Ndogondogo hazina kitu. Zote pamoja ni 120. Watakaofika 61 wameshinda.

Kopa, uru, pau na shupaza ni majina tuliyoachiwa na Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 wakaja kutolewa na Waomani mwaka 1698. Ngome walinyang'anywa, karata zao hakuna aliyezifukuza. Nami hucheka kila nikimwona mfalme wao, ambaye sisi twamwita mzungu wa nne, akiliwa na saba pamoja na taji lake.

Lakini ninachokisifu hapa ni zamu. Karata ile ile hubadilika uzito kwa kutegemea imewekwa ya ngapi. Anayeanza ndiye achaguaye njia: akitoa uru, mwenye uru hana budi kufuata, na asiye nayo ana ruhusa ya kukata kwa turufu, aina inayozishinda nyingine zote. Wa pili hubahatisha. Wa tatu humsoma mwenzake usoni. Wa nne ameshaona zote, na mkononi mwake hata tatu ya turufu ni panga. Kwa hiyo fundi hasikitiki kupoteza duru ya pointi mbili. Humwachia kusudi mpinzani anayemfuata, ili huyo aongoze duru ijayo na yeye acheze mwisho. Ukimtazama utadhani amelala.

Zamu ina uzito hata katika michezo mingine. Mwaka 1993 ulitoka mchezo wa karata za kukusanya, Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati Mmarekani, Richard Garfield. Humo karibu kila karata ikitupwa, mpinzani hupewa nafasi ya kujibu, naye akajibiwa, na jibu la mwisho ndilo litimizwalo kwanza. Kanuni zake zimejaza mamia ya kurasa. Sisi hatuna hata ukurasa mmoja, ila ukitupa karata kabla ya zamu yako utasikia kelele hadi Ndia Kuu.

Mimi zamu nilifunzwa na hasara. Uru ilikuwa imeshapita duru moja, nami sikuhesabu nani amebakiwa na nini. Nikaibamiza ree ya uru kwa kishindo. Mpinzani wa kwanza akatoa karata tupu. Mwenzangu, kwa kuniamini, akanilisha seti. Wa mwisho alikuwa ameishiwa uru. Akaiteremsha taratibu tatu ya turufu, akazoa pointi 21 bila kusema neno.

"Haraka ya nini, mwanangu?" akaniuliza mzee mmoja aliyekuwa akitazama. "Ree haiozi mkononi."

Mwenzangu hakunilaumu, alimimina kahawa, akanipa kikombe, akaanza kuhesabu. Tulikuwa na 57. Ongeza zile 21 uone.