Weupe Ulioachwa

Mwaka 1650, mjini Amsterdam, mchoraji Rembrandt alilichora gamba la konokono wa baharini kwenye bamba la shaba linaloenea kiganjani. Wanasayansi humwita Conus marmoreus. Akiwa hai huwinda konokono wenzake: hunyoosha mrija wake, humchoma windo kwa jino ambalo ni chusa hasa, lenye tundu ndani, na sumu hupita humo. Jamaa zake wamo kwenye miamba ya pwani yetu, na wapo wanaoweza kumuua mtu. Gamba hilo lilikuwa mali ya anasa Uholanzi, lililoletwa na merikebu za biashara kutoka Asia.

Ni jeusi, limejaa mabaka meupe ya pembetatu, na hapo ndipo ufundi ulipo. Bamba hupakwa nta, sindano huikwangua, kisha tindikali huila shaba pale tu nta ilipotoka. Mifereji inayobaki ndiyo inayoshika wino, na bamba likigandamizwa karatasini hutoa chapa. Fundi hana rangi nyeupe. Kila baka jeupe unaloliona ni mahali ambapo mkono wa Rembrandt ulijizuia, ukaiacha shaba ilivyo, huku ukijaza weusi kandokando, mstari juu ya mstari. Kwangu mimi, kujizuia huko ni kazi ngumu kuliko kuchora.

Katika chapa za mwanzo gamba linaelea kwenye karatasi tupu. Ni zuri, ila mabaka yake yanashindana na weupe wa nje. Akalirudia bamba lile lile, akatia giza nyuma na kivuli chini. Gamba likapata uzito, likakaa, likang'aa.

Wapo wanaomlaumu. Chapa hupindua kulia kuwa kushoto, na konokono huyu, ambaye mdomo wa gamba lake huwa kulia, karatasini ana mdomo kushoto. Jina lake na mwaka aliviandika kinyume kwenye shaba ili visomeke sawasawa, kwa hiyo alijua. Kwa mtaalamu wa viumbe lawama hiyo ni ya haki, maana upande wa mzunguko ni alama ya kumtambulia konokono. Hata hivyo nasimama na mchoraji. Kupindua herufi ni mazoea ya mkono. Kupindua kila baka kungemlazimu aache kulitazama gamba lenyewe. Weka kioo mbele ya chapa hiyo: jina linaharibika, na gamba linatokea jinsi alivyoliona, baka kwa baka.