Sifa za Fundi wa Mabomba ya Breki

Gari dogo linapoteremka Kitonga, mkoani Iringa, usalama wa waliomo unapita ndani ya bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 4.75. Dereva akikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta ya breki, na msukumo huo husambaa katika mafuta yote hadi magurudumuni. Mfaransa Blaise Pascal aliieleza kanuni hiyo katika karne ya 17. Tairi la gari kama hilo hujazwa upepo wa baa 2 na kitu. Breki ikikanyagwa kwa nguvu, ndani ya bomba msukumo waweza kupita baa 70. Tundu dogo kama la sindano latosha kuimwaga kazi yote barabarani.

Fundi wa kweli huanza kwa maswali. Pedali inazama? Inapanda tu ikikanyagwa mara mbili tatu? Gari linavuta upande mmoja? Gurudumu gani linachemka? Ndipo anapoinua gari, analiweka juu ya stendi na kuingia uvunguni na taa yake.

Humo anaitafuta kutu. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga na Unguja huila chuma polepole, na baadhi ya magari yaliyotumika Japani hufika bandarini yakiwa yameanza kuliwa, hasa yale ya Hokkaido, ambako barabara za theluji hunyunyiziwa chumvi. Kutu hupenda kujificha chini ya vibanio na juu ya tangi la mafuta. Fundi hufungua kibanio, hufuta tope kwa tambara, hupapasa. Kutu ya juujuu haimtishi. Akigusa vishimo, bomba hilo halina msamaha.

Mpira wa breki, lile bomba laini la kuelekea gurudumuni, ni mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa waweza kuwa mzima nje na umevimba ndani. Mafuta huingia kwa nguvu ya mguu, kisha hayarudi, na gurudumu hubaki limebanwa. Wengi hukimbilia kubadilisha pedi. Fundi mahiri hulegeza nati iliyo upande wa juu wa mpira: gurudumu bado limebana. Anafungua skrubu ya kutolea upepo: linaachia. Ameshampata mkosaji, tena bila kununua spea hata moja. Uchunguzi wa namna hiyo unastahili heshima sawa na ya tabibu.

Kutengeneza nako kuna adabu yake. Bomba hukatwa kwa kikatio chake, ncha husafishwa, nati huvishwa kwanza, kisha mdomo hupanuliwa na kukunjwa mara mbili, kwa maana mkunjo mmoja wa chuma hupasuka. Mdomo wa magari mengi ya Japani haufanani na ule wa magari mengi ya Ulaya, na kulazimisha mmoja ukae mahali pa mwingine ni kualika uvujaji. Aloi ya shaba na nikeli hupindika kwa urahisi na haishiki kutu. Shaba tupu haifai. Mtikisiko huikakamaza hadi ikapasuka.

Kuna wanaoponda bomba kwa nyundo ili gari litembee kwa breki za magurudumu matatu. Huo si ufundi. Ni kumtuma mtu mteremkoni akiwa amedanganywa.

Mwisho ni kutoa upepo: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua skrubu, hadi mafuta yatoke bila povu. Kisha pedali hukandamizwa kwa nguvu, na kila ungio hupanguswa kwa karatasi kavu ili kuona kama linavuja.

Mwenye gari, kabla ya kupokea ufunguo, omba kuoneshwa bomba la zamani na maungio mapya. Fundi aliyefanya kazi hiyo mpe ujira wake kamili, bila kumpunja.