Kabla ya Seva, Nakala

Mwenye CD mia tatu za taarabu na dansi akitaka kuzisikiliza kwenye simu, huanza kwa kuuliza afunge seva gani. Ameanzia mwisho. Seva hubadilishwa kwa jioni moja, lakini sijamwona mtu mwenye hamu ya kunakili CD mia tatu mara ya pili.

Ugumu uko kwenye CD yenyewe. Kinga ya CD ya muziki dhidi ya makosa ni ndogo kuliko ya CD ya data. Penye mkwaruzo, mashine hukisia sauti iliyopotea na kuendelea kimya. Sebuleni huenda usigundue, ila kasoro hiyo ikishaingia kwenye faili haitoki.

Kwa hiyo natumia Exact Audio Copy kwenye Windows, au whipper kwenye Linux. Programu hizi husoma kila sehemu kwa uangalifu, kisha hulinganisha nakala na hifadhidata ya AccurateRip, yenye tarakimu za uhakiki kutoka kwa watu wengine walionakili toleo hilohilo. Tarakimu zikilingana, nakala ni safi. Shida ni kwamba CD iliyochomwa kibandani Kariakoo haimo humo. Hiyo inakili mara mbili, ikiwezekana kwa mashine mbili tofauti, ulinganishe mwenyewe.

Hifadhi kwa FLAC. Saa moja ya muziki wa CD ni takribani megabaiti 635. FLAC huipunguza hadi nusu au zaidi kidogo bila kutupa chochote. MP3 ya flashi ya gari utaitoa humo wakati wowote.

Kazi inayochosha ni majina. Hifadhidata ya MusicBrainz huitambua CD kwa urefu wa nyimbo zake, lakini nyingi za kwetu hazimo, na utaandika kwa mkono. Amua mapema utakavyoandika. Kwa mfano, Mbaraka Mwinshehe alipiga na Morogoro Jazz, baadaye Super Volcano. Mimi huandika jina lake kama msanii, na bendi kama msanii wa albamu. Ukiandika huku Mbaraka Mwinshehe na kule Mbaraka Mwaruka Mwinshehe, seva itakuletea watu wawili. Mikusanyo kama ile ya Zanzibara ya Buda Musique ipewe msanii wa albamu “Wasanii Mbalimbali”, la sivyo albamu moja hupasuka vipande kwa kila mwimbaji.

Seva sasa. Navidrome kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inatosha: hupanga muziki kwa majina hayo, na programu za simu zinazoelewana nayo ni nyingi. Mwenye filamu pia achukue Jellyfin. Ndani ya nyumba, Wi-Fi haili bando. Ukiwa nje, Navidrome inaweza kubana sauti kuwa muundo mwepesi wa Opus kabla ya kuituma. Umeme ukikatika ghafla huweza kuharibu kadi ya Pi, hivyo muziki uwe kwenye diski ya pembeni, na nakala ya pili ikae kwa ndugu, mtaa mwingine.