Lugha ya Tangazo Baada ya Udukuzi

Tarehe 9 Oktoba 2024 watu waliofungua tovuti ya Internet Archive, maktaba kubwa ya intaneti iliyoanzishwa huko San Francisco mwaka 1996, walikutana na kisanduku cha maneno ambacho hakikuwekwa na wenye maktaba. Maneno yale yaliwauliza kama hawajapata kuhisi kwamba maktaba hiyo imesimama juu ya vijiti, na kwamba siku zote i karibu kuvunjiwa. Kisha yakaongeza kuwa jambo hilo limekwisha tokea, na kuwa watu milioni 31 miongoni mwao wataonekana katika Have I Been Pwned, mahali ambapo mtu huweza kutazama kama anwani yake ya barua pepe imo katika mali iliyoibwa. Basi habari ya wizi ililetwa kwanza na mwizi. Tena aliileta kwa ufasaha: swali, jibu, na nafsi ya pili.

Jibu la wenye nyumba lilitolewa na mwanzilishi, Bw. Brewster Kahle, kwa jina lake mwenyewe katika mtandao wa X. Tangazo lake lastahili kutazamwa kwa makini, maana lilisifiwa kwa wepesi wake, na sifa hiyo ni haki. Lilikuwa na vichwa viwili: yanayojulikana na yaliyofanywa. Chini ya kichwa cha kwanza palikuwa na majina matupu: shambulio la kuifurikisha tovuti kwa maombi ya uongo, limezuiwa kwa sasa, uharibifu wa sura ya tovuti kwa njia ya programu ndogo inayoendesha kurasa, uvunjaji uliogusa majina ya watumiaji, anwani zao, na nywila zilizohifadhiwa kwa mafumbo. Chini ya kichwa cha pili palikuwa na vitenzi visivyo na mtenda. Mwisho palikuwa na ahadi ya kueleza zaidi kadiri mambo yatakavyojulikana. Ni lugha ya simu ya maandishi ya zamani, ambayo kila neno lake lililipiwa.

Kiingereza humruhusu mwandishi wa namna hiyo kuacha nafsi. Mfasiri wa Kiswahili hana ruhusa hiyo. Akitaka kusema kwamba programu ile imeondolewa, hana budi kuchagua: ama “tumeiondoa,” na hapo amemtaja mtenda, ama “imeondolewa,” na hapo amemficha akijua kuwa anamficha, ama “kuiondoa,” na hapo hajasema kama kazi imekwisha. Kiambishi kimoja tu cha nafsi chatosha kuonyesha kile ambacho matini ya asili imekinyamazia. Kwa sababu hiyo kufasiri matangazo kama haya si kazi ya ukarani. Ni njia mojawapo ya kuyapima.

Kuhusu uovu wenyewe, Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyogombea nafasi, na kila kimoja chatoa hukumu yake. Mtu akisema “nywila zimeibwa,” ametambua kuwa yuko mwizi, hata kama hamtaji. Akisema “ulinzi umevunjika,” amesema kama mtoto aliyeangusha kikombe cha mama yake: kikombe kimevunjika, wala hakuna aliyekigusa. Cha tatu ndicho kipendwacho na magazeti, nacho ni “taarifa zimevuja.” Kitenzi hiki hudharauliwa na baadhi ya wahariri kwa kuwa chamsahau mwizi kabisa. Hata hivyo kina jambo moja ambalo “kuiba” hakina. Chungu hakivuji ila kina ufa. Anayesema “zimevuja” amemwachilia mwizi, lakini amekiri ufa. Anayesema “zimeibwa” amemkamata mwizi, na ufa ameufunika. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Katika mambo haya nafuu hiyo haiji kwa kuvuja, huja kwa kuchagua kitenzi. (Hata neno “udukuzi,” ambalo sasa limekubalika, laonekana kuwa na undugu na “dukiza,” yaani kusikiliza maneno ya watu kwa siri. Asili yake ni sikio mlangoni, wala si mkono sandukuni.)

Kwa kipimo hicho, tangazo la Oktoba 2024 lilitaja shambulio na halikuutaja ufa. Taarifa ndefu zaidi iliyofuata ilisema juu ya “kufichuka” kwa anwani na nywila, kana kwamba upepo umefunua pazia. Ukimya huo wazidi kuonekana mtu akikumbuka kwamba Bw. Troy Hunt, mwenye Have I Been Pwned, kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa amekwisha iarifu maktaba hiyo juu ya wizi tarehe 6 Oktoba, siku tatu kabla ya kisanduku kile kuonekana.

Kwamba inawezekana kusema yote mawili, mwizi na ufa, kulithibitishwa miaka mingi kabla. Mwezi Aprili 2010 Apache Software Foundation, jumuiya ya waandishi wa programu ambao wengi wao hufanya kazi kwa kujitolea, iliingiliwa kwa njia ya JIRA, daftari lake la kuandikishia hitilafu. Taarifa iliyotolewa tarehe 13 Aprili yasimulia mambo kwa utaratibu wa siku. Tarehe 5 wageni waliandikisha hitilafu ya uongo yenye kiungo kilichofupishwa, na baadhi ya wasimamizi wakakifungua. Papo hapo mlango wa kuingilia ukajaribiwa kwa mamia ya maelfu ya nywila za kubahatisha. Tarehe 6 njia mojawapo ilifaulu. Tarehe 9 wageni wale walitega programu ya kukusanya nywila ya kila aingiaye, kisha wakawapelekea wasimamizi barua za kubadili nywila. Wasimamizi, wakidhani kuwa ni hitilafu isiyo na madhara, waliingia na kurudisha nywila zao za kila siku. Na moja ya nywila hizo ilifungua pia kompyuta nyingine yenye mamlaka makubwa.

Hapa wenye nyumba wameandika wazi kwamba walidanganywa na kwamba nywila moja ilitumika mahali pawili. Hawakuona haya kueleza pia kuwa nywila za JIRA zilifumbwa kwa namna isiyotosha. Zaidi ya hayo, walimwambia msomaji la kufanya, tena kwa tarehe: aliyeingia katika JIRA kati ya tarehe 6 na 9 Aprili aihesabu nywila yake kuwa imekwisha potea. Sentensi hiyo ina nafsi, wakati na agizo. Katika tangazo la kwanza la Bw. Kahle hapakuwa na kitenzi hata kimoja cha kumwagiza mwenye akaunti.

Yaweza kujibiwa kwamba mlinganisho huu si wa haki. Apache iliandika baada ya vita, na Bw. Kahle aliandika vitani. Tena aelezaye ufa kabla haujazibwa amwonyesha mwizi wa pili mahali pa kupita. Jibu hili lina uzito. Na tangazo lake lililofuata, washambulizi waliporudi, lilikuwa bora kwa mbali: lilianza kwa kuomba radhi, likataja mtenda, nayo ni maktaba yenyewe, na likasema imechagua kuilinda hazina hata kama huduma itasimama. Lakini kuficha mahali pa ufa ni jambo moja, na kutokiri kuwa upo ni jambo jingine. Kumwambia mwenye akaunti abadili nywila hakumwonyeshi mwizi njia yoyote.

Yaliyofuata yalionyesha gharama ya ukimya huo. Tarehe 20 Oktoba 2024 watu waliopata kuiandikia Internet Archive kuomba msaada walipokea majibu kutoka anwani halisi ya maktaba, nayo yaliandikwa na mdukuzi. Aliwaeleza kuwa funguo za programu zilizoibwa wiki kadhaa nyuma hazijabadilishwa, na kwamba kwa ufunguo mmojawapo aliweza kuzifikia barua zaidi ya 800,000 zilizotumwa tangu mwaka 2018. Kwa mara ya pili mwizi ndiye aliyeutaja ufa, na safari hii alisema kwa kinywa cha mwenye nyumba. Mpokeaji hakuwa na alama ya kumtofautisha msemaji: anwani ilikuwa ile ile, na mtindo wa maktaba, uliokuwa umejengwa kwa majina matupu, haukuwa na sauti ambayo mtu angeweza kusema kwamba aijua. Aliyekuwa ameomba kurasa zake ziondolewe katika hazina, akangoja jibu, alilipata siku hiyo kutoka kwa mtu asiyemjua. Barua iliyofuata kutoka anwani hiyo, hata ingalikuwa ya wenyewe, ingalisomwa kwa shaka.